Saratani Iliyolala

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu awasomee wanafunzi polepole, na asimame kila mahali palipoandikwa asimame.

Nawasalimu ninyi nyote mliokusanyika darasani jioni hii, wenye madaftari na wasio na madaftari. Nalisalimu hasa darasa la watu wazima la Mishamo, katika Mkoa wa Katavi, maana mazungumzo ya leo yametoka kwao.

Barua yao ninayo hapa mezani. Imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizonyoka, na mwandishi wake, mama wa makamo, asema kwamba alijua kuandika mwaka jana tu. Jina lake sitalitaja. Aeleza hivi. Dada yake aliota uvimbe katika titi. Akasafirishwa mpaka Dar es Salaam, akapasuliwa, akapigwa sindano za dawa kwa miezi kadhaa, kisha akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Daktari akamwambia, "Sasa hatuoni kitu." Akarudi nyumbani. Akalima, akavuna, akamwoza binti yake wa kwanza, na miaka saba ikapita. Mwaka huu mgongo ukaanza kumwuma, naye akadhani ni jembe. Alipopimwa akaambiwa kwamba saratani ileile imerudi, na sasa imo mifupani.

Mama huyu anaendelea: "Kijijini maneno ni mengi. Wako wasemao hospitali ilitudanganya, hakupona tangu mwanzo. Wengine wasema ametupiwa kitu na jirani yetu, mwanamke ambaye waligombana naye juu ya mpaka wa shamba, na sasa jirani huyo hasalimiwi kisimani. Mimi nauliza, ugonjwa huo ulikuwa wapi miaka saba?"

Ndugu zangu, hili ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu waliosoma sana. Wataalamu wa dunia nzima wanahangaika nalo mpaka leo. Mengine wameyajua, na hayo nitawaeleza.

Mwalimu, simama hapa. Andika ubaoni maneno matatu: SELI. KULALA. KUTENGENEZA.

Tuanze na seli. Kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, ndivyo mwili wa mtu ulivyojengwa kwa seli. Seli ni ndogo mno, jicho haliioni mpaka kwa hadubini. Ndani ya seli umo uzi mwembamba uliokunjwa kunjwa, na katika uzi huo yameandikwa maagizo yote ya kazi ya mwili. Wataalamu huuita DNA. Ukiunyosha uzi wa seli moja tu, utapata kama mita mbili, yaani mrefu kuliko mwenye mwili. Seli inapojigawa kuwa mbili, huunakili uzi wote, herufi kwa herufi, kama ninyi mnavyonakili yaliyoandikwa ubaoni.

Basi uzi huu huharibika kila siku. Jua kali huuharibu, moshi wa tumbaku huuharibu, na hata maji na joto la mwili wenyewe huuharibu. Katika seli moja, kwa siku moja, madoa na mikatiko ni maelfu. Lakini ndani ya seli wamo mafundi. Ni vitu vidogo sana vinavyopita juu ya uzi, vikitafuta palipoharibika, vikikata kipande kibovu na kushona kipya mahali pake. Mwaka 2015 watu watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha jinsi mafundi hawa wanavyofanya kazi: Tomas Lindahl wa Sweden, Paul Modrich wa Marekani, na Aziz Sancar, mzaliwa wa mji mdogo wa Savur huko Uturuki. Wazazi wa huyu Sancar hawakusoma, lakini walishikilia sana kwamba mtoto wao asome. Nimewatajia hilo kwa kuwa baadhi yenu mna watoto wa kupeleka shule.

Wakati mwingine mafundi hushindwa, na kosa hubaki katika maagizo. Makosa yakizidi, seli husahau kusimama. Hujigawa na kujigawa bila kiasi, na huo ndio mwanzo wa saratani, ambayo wengi huiita kansa. Baya zaidi ni kwamba baadhi ya seli hizo huondoka mahali zilipozaliwa, huingia katika damu, na kwenda kutua mbali, katika mfupa, ini au mapafu. Zaweza kuondoka mapema, hata kabla mama hajaugusa uvimbe kwa kidole chake.

Kabla ya kurudi Mishamo nitawapeleka kwanza Uganda, maana huko madaktari walijifunza mengi juu ya saratani inayorudi. Katika mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto ambaye mataya yake yamevimba vibaya. Baadaye akaona wengine wa namna ileile. Mwaka 1961 alichukua gari kuukuu, yeye na madaktari wenzake wawili, wakasafiri karibu maili 10,000 kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakapita Tanganyika pia, wakiuliza hospitali kwa hospitali: je, ugonjwa huu mmeuona? Wakakuta uko katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi, wala hauko katika nyanda za baridi. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt.

Kilichowashangaza watu ni dawa. Mtoto mwenye uvimbe mkubwa alipigwa sindano ya siklofosfamaidi, na kwa siku chache tu uvimbe ukayeyuka, hata mama yake akalia. Dawa hiyo hufunga nyuzi za DNA pamoja, kama mtu aliyetia fundo katika uzi wa cherehani. Seli za ugonjwa huu zinajigawa kwa kasi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Kwa siku moja hivi seli moja huwa mbili. Seli ikijaribu kujigawa na uzi wake una mafundo, hufa.

Lakini watoto wengine ugonjwa uliwarudia. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kuwatibu pale Kampala, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler, akakiongoza. Ziegler na wenzake waliwafuatilia watoto baada ya kutoka hospitali. Wakaona kwamba waliorudiwa mapema, katika miezi ya kwanza, dawa iliwasaidia kidogo tu. Waliorudiwa baadaye, dawa ileile mara nyingi ilifaa tena. Na katika hao wa baadaye, wengine walipochunguzwa alama za seli zao ilionekana kwamba uvimbe wa pili si mtoto wa ule wa kwanza, bali ni ugonjwa mpya kabisa. Wakaona pia kwamba mtoto akipita miaka miwili bila kurudiwa, ni nadra kurudiwa tena.

Wazee wa Mishamo watanielewa upesi. Ninyi mliofika mwaka 1978 na kuanza kufyeka miombo ile mwajua tabia ya kisiki. Ukikata mti, kisiki kikiwa hai kitachipua mvua za mwanzo. Ukipita miaka miwili hukuona chipukizi, kisiki kimekufa, panda mahindi yako. Saratani ya Burkitt ina tabia ya kisiki.

Saratani ya titi haina tabia hiyo. Yenyewe, hasa ile inayolishwa na homoni za kike, ina tabia ya kiduha.

Mwalimu, simama. Uliza darasa: nani anakijua kiduha?

Mkulima wa mahindi au mtama aliyewahi kupatwa nacho hasahau. Kina maua mazuri, nacho hunyonya mizizi ya mahindi mpaka mahindi yakanyauka na ardhi ina maji. Mbegu yake ni kama vumbi. Hukaa udongoni miaka mingi, kumi na zaidi, bila kuoza wala kuota, mpaka mzizi wa mahindi upite karibu nayo na kutoa majimaji yake. Hapo ndipo mbegu huamka. Ukipalilia, unang'oa kilichoota tu. Unaweza kusimama pembeni ya shamba safi kabisa na kusema kweli tupu kwamba huoni kiduha, na chini ya miguu yako zimo mbegu elfu.

Mama mwandishi wa barua, hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kabla ya kupasuliwa, seli chache zilikwisha kuhama na kutua katika mifupa ya dada yako. Zilifika ugenini zikalala. Seli iliyolala haijigawi. Inakula kidogo, inafanya kazi kidogo, inangoja. Eksirei haiioni. Vipimo vya kawaida vya damu havioni. Mikono ya daktari haiwezi kuigusa.

Mwalimu, andika ubaoni sentensi mbili, na wanafunzi wazisome kwa sauti. Ya kwanza: Hatuoni kitu. Ya pili: Hakuna kitu. Sentensi hizi zinafanana, lakini maana zake ni mbali. Daktari alisema ya kwanza. Kijiji kilisikia ya pili. Hata hivyo sisi waganga nasi tuna sehemu yetu ya kosa, maana mara nyingi twasema ya kwanza kwa haraka, tukiona mtu anafurahi, na hatumwambii maneno yaliyobaki.

Si dada yako peke yake. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi wa wanawake karibu 63,000 wenye saratani ya titi inayolishwa na homoni, ambao walimeza dawa ya homoni miaka 5 wakawa hawana dalili. Katika miaka 15 iliyofuata ugonjwa uliendelea kuwarudia wengine wao sehemu za mbali za mwili, mwaka kwa mwaka, bila kukoma. Wale ambao mwanzoni uvimbe wao ulikuwa mdogo na tezi za kwapa hazijaguswa, walirudiwa wachache. Wale ambao ulikuwa umeenea katika tezi nyingi, wengi zaidi. Hesabu ilikuwa kati ya 10 na 41 katika kila wanawake 100. Kwa hiyo ni vema kuiona mapema, lakini angalieni pia kwamba hata kwenye hesabu kubwa, walio wengi hawakurudiwa.

Swali sasa ni hili: zile sindano za miezi kadhaa hazikuifikia seli iliyolala? Mara nyingi ziliifikia. Hapa ndipo neno la tatu la ubaoni linapoingia.

Fikirini watu wawili wenye baiskeli. Mmoja anateremka mlima kwa kasi, na tairi likapasuka. Huyo ataanguka, na huenda akafa. Wa pili ameegesha baiskeli yake chini ya mwembe, naye tairi lake limepasuka vilevile, kwa msumari uleule. Lakini yeye hana safari. Atakaa kivulini, atatoa mpira na gundi, ataziba pancha yake, atajaza upepo. Siku atakayoondoka, baiskeli ni nzima.

Dawa nyingi za saratani, na mionzi pia, huua kwa kuukata au kuufunga uzi wa DNA. Seli inayojigawa mbio huingia safarini na uzi uliokatika, ikafa. Seli iliyolala haina haraka. Mafundi wake wanapata nafasi ya kutengeneza uzi kabla haijaamka. Ni mafundi walewale, ndugu zangu, wanaotulinda mimi na wewe tusipate saratani. Hawajui kuchagua. Kazi yao ni kushona uzi ulioharibika, awe mwenye uzi ni rafiki au adui.

Mwaka 2006 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha jambo hili katika saratani ya ubongo. Walipozipiga seli zake mionzi, kikundi kidogo kilinusurika kuliko wenzake, na kikundi hicho ndicho kilichokuwa hodari wa kutengeneza uzi wake, na ndicho kilichoweza kuuanzisha uvimbe upya. Jambo jingine la kuogopesha ni kwamba kiraka si kitambaa kipya. Fundi akishona kwa haraka huacha makosa, na kosa jingine laweza kuifanya seli isijali tena dawa ya kwanza. Ndiyo sababu, saratani inaporudi, madaktari hupenda kukata kipande kidogo na kukipima upya. Seli iliyoamka huenda si sawasawa na ile iliyolala.

Lakini msiwachukie mafundi hawa. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi hupigwa mionzi kidogo kidogo, siku tano katika juma, kwa majuma kadhaa. Mara ngapi wameuliza, "Kwa nini msinichome mara moja tu, nikarudi kwa watoto wangu?" Ni swali la haki. Mtu aliyetoka Mishamo kwa gari mpaka Mpanda, akapanda treni ya Kaliua na Tabora, ana hesabu ya kila siku anayolala mjini. Jibu ni mafundi. Mionzi ya leo huumiza seli nzima na seli mbovu pamoja. Usiku, seli nzima hujitengeneza vizuri. Mbovu, mafundi wake wakiwa wengi wao na hitilafu, hujitengeneza vibaya. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Tofauti inajengeka siku kwa siku. Mgonjwa anayeruka siku, akaenda kwanza msibani au kuvuna, anaipa saratani nafasi ya kujishona na kukua. Mionzi hiyohiyo hutolewa pia Bugando, Mwanza, ambako kwa watu wa Katavi si mbali kama Dar es Salaam.

Sasa juu ya vidonge. Mama anaandika kwamba dada yake alimeza kwa miaka mitatu, kisha vikaisha na nauli haikuwapo, tena alijiona mzima. Hakueleza ni vidonge gani, lakini kwa saratani ya namna hii mara nyingi huwa tamoksifeni. Kidonge hiki hakikati uzi. Kinaziba mlango ambao homoni hupitia kuiamsha seli, kama kusema kwamba kimeuzuia mzizi wa mahindi usifike kwenye mbegu. Humezwa miaka 5, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa wanawake wengi miaka 10 hulinda zaidi. Anayekimeza hajisikii tofauti yoyote njema. Pengine anasikia joto la ghafla tu. Hiyo ndiyo shida yake. Sisi tumezoea kuacha dawa maumivu yakiisha.

Je, kuacha huko ndiko kulikomrudishia ugonjwa? Sitasema hivyo, wala asitokee mtu wa kumwambia hivyo. Wako waliomeza vyote ukarudi, na wako walioacha haukurudi. Kinachoiamsha seli hakijulikani chote. Mwaka 2018 wachunguzi wa Marekani waliwavutisha panya moshi wa tumbaku, mapafu yao yakapata uvimbe wa mwasho, na seli za saratani ya titi zilizolala humo zikaamka. Katavi inalima tumbaku, na jikoni moshi ni mwingi, basi nimeona niwaambie, ingawa panya si mtu.

Mtu aliyewahi kutibiwa saratani, hata kama ni miaka kumi iliyopita, aende kupimwa akiona maumivu ya mfupa yasiyotulia usiku wala mchana, au kikohozi kisichoisha, au mwili unaokonda bila sababu, au macho kuwa ya manjano, au uvimbe mpya karibu na kovu. Akiona mgongo unauma pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, asingoje hata juma moja. Na aende na karatasi zake za kwanza za hospitali. Wengi huziacha zikaliwa na mchwa. Zifungeni katika mfuko wa nailoni, mzitundike juu. Karatasi moja yenye jina la dawa aliyopewa zamani humwokolea daktari siku nyingi.

Kwa dada yako, mama, sitakudanganya. Saratani ya titi ikiisha kuingia mfupani, kwa kawaida haiondoki kabisa. Lakini hutibiwa, na wako wanaoishi nayo miaka. Maumivu ya mfupa hupunguzwa kwa mionzi, na kwa kazi hiyo ya kutuliza maumivu mara nyingi hutosha kupigwa mara moja tu, si majuma. Ulizeni juu ya hilo kabla hamjakata shauri kwamba nauli haitatosha. Ipo pia mofini ya kunywa, na si dhambi wala si mwisho wa mtu kuinywa.

Mwisho umeuliza juu ya binti zake. Katika saratani nyingi za titi hakuna kilichorithiwa. Lakini ziko jamaa ambazo fundi mmoja wa DNA, jina lake BRCA, huzaliwa ana hitilafu, na hitilafu hiyo hupita kwa mtoto kutoka kwa mama au baba. Ukisikia kwamba katika ukoo mmoja wanawake wawili watatu wamepata saratani ya titi au ya kifuko cha mayai wangali vijana, mwambieni daktari. Kwa wagonjwa hao ipo dawa, olaparibu, iliyoruhusiwa kwanza mwaka 2014, ambayo humzuia fundi wa pili, na seli ya saratani ikikosa mafundi wote wawili hufa. Ni ya bei kubwa. Na hata hapo saratani nyingine hupata njia ya kumrudisha kazini yule fundi wa kwanza, zikafufuka. Kama dada yako ni wa kwanza katika ukoo wenu, binti zake na wazoee kuyagusa matiti yao kila mwezi, na wakiona badiliko waende, basi.

Na yule jirani wa mpaka wa shamba, seli zile zilikuwa zimekwisha kutua mfupani miaka saba kabla. Hesabu mwenyewe, mama, kama ugomvi wenu ulikuwapo wakati huo.

Majibu haya nimekuandikia pia kwa posta, kwa herufi kubwa, ili umsomee dada yako mwenyewe.